Tulivyomfikisha Mama Mkwe Dirma na Tela Lake

Ndugu zangu wa ofisi ya walimu, tangu niliporudi kila mmoja wenu amenisimamisha mlangoni akitaka kujua ilikuwaje, na kila mmoja nimempa kipande chake. Sasa vipande vimeanza kugombana. Mwenzetu wa hesabu anasema tela lilipinduka, wa Kiingereza anaapa kwamba mama mkwe alinichapa. Halikupinduka, na sikuchapwa, ingawa kuchapwa nilistahili. Habari nzima ni hii, na mtu asicheke kabla hajafika mwisho.

Tela mnalijua, maana mmelicheka tangu likiwa fremu tupu nyuma ya nyumba yangu. Mliliita banda la kuku. Msichojua ni kwamba lilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, mama mkwe wangu, Bibi Paskalina wa Tumati. Tangu alipovunjika nyonga hawezi kukaa kwenye kiti cha gari zaidi ya nusu saa. Baada ya hapo lazima alale na kunyoosha mguu, la sivyo maumivu yanamfunga mwili mzima. Mwaka jana tulimlaza nyuma ya pikapu kumpeleka hospitali, akalia njia nzima, na sitaki kusikia tena kilio kile. Ndiyo maana ndani ya tela kuna kitanda, dirisha, ngazi mbili fupi za kupandia, na nafasi ya kujisitiri. Gari likitembea anakaa mbele nasi. Kila nusu saa tunasimama, anahamia kwenye tela, analala, anapata nguvu, tunaendelea.

Na safari yenyewe ilikuwa hii. Dada yake mkubwa, Bibi Dafrosa wa Dirma, alikuwa anafanya jubilei ya miaka hamsini ya ndoa na mumewe, Mzee Yohana. Siku ya harusi ile ya zamani msimamizi wake alikuwa Paskalina. Siku hizi Dafrosa haoni, na wawili hawa hawakuwa wameonana tangu nyonga ivunjike. Alituma ujumbe kwa simu ya mjukuu wake: aliyenisimamia nikiwa naona anisimamie nikiwa sioni, asipokuja siingii kanisani. Padri hufika kwenye kigango chao Jumapili moja tu kwa mwezi, Misa ni saa nne, na akimaliza anakimbilia kigango kingine. Kwa hiyo ilikuwa tufike saa nne au tusifike kabisa.

MBULU HADI TUMATI

Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho niliondoka Mbulu mjini na mke wangu Anna. Tulifika Tumati jua likiwa bado lipo. Mama alikuwa ameketi nje na kitenge kipya, kama mtu aliyeambiwa basi linaondoka sasa hivi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndiyo nyumba yangu?"

"Ndiyo, mama."

Alilizunguka polepole na mkongojo wake. Akagonga bati, akasukuma tairi kwa mguu mzima, akapanda zile ngazi mbili, akalala. Nawaambia ukweli, nilitoka jasho. Usaili wa kazi sikuuogopa hivyo.

"Mama, vipi?" Anna akachungulia.

"Funga mlango. Mnaniingizia inzi."

Hakutoka tena mpaka asubuhi. Makande yake na maziwa ya mgando vilimfuata humo humo ndani. Majirani walikuja kulitazama tela, na mzee mmoja alitaka kujua moshi unatokea wapi. Nilipomwambia hatupiki ndani alinihurumia sana.

Kabla hatujaondoka Jumamosi, Mama alinikabidhi kiti cha miguu mitatu, kile cha kukamulia ng'ombe. "Hiki kiende," akasema. "Misa ya jubilei ni ndefu. Kusimama siwezi." Nikakifunga vizuri kwa kamba chini ya kitanda.

TUMATI HADI PENYE MFEREJI

Hapa ndipo nakiri kosa la kwanza. Mimi mtu wa kusifiwa kidogo tu naharibika. Tangu Tumati hadi tulipopita Dongobesh, watu walisimama mashambani kutazama tela. Wengine walipunga mikono. Mama naye alikuwa akipunga, taratibu, kama mbunge aliyepita bila kupingwa. Mbele kidogo kundi la wanawake waliokuwa wanapalilia walipiga vigelegele. Nikapiga honi, nikatoa mkono dirishani, nikageuza uso kuwaangalia. Mfereji uliokatwa na mvua ulikuwa mbele yangu na sikuuona.

Pikapu ilivuka. Tela likaruka, likatua kwa kishindo.

"Mama, umeumia?"

"Endesha," akasema. Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

Hatukwenda mbali. "Nasikia harufu ya ndala inayoungua," Mama akasema. Nikasimama, nikaenda nyuma, na roho ikanitoka. Tairi la kushoto lilikuwa limerudi nyuma na kusugua bati linalozuia matope. Nikalala chini nikatazama. Kile chuma kinachoshika ncha ya mbele ya springi kwenye fremu, tuite kishikilio, kilikuwa kimepinda. Hakikuvunjika. Kimepinda kwa upana wa kidole gumba.

"Kidole gumba tu?" Anna akauliza.

"Tu."

"Basi kinyooshe."

Mimi nafundisha jiografia. Kishikilio kile tulikikata mimi na fundi mmoja hapa mjini kutoka kwenye springi kuukuu ya lori. Hesabu yangu ilikuwa kwamba kilichobeba lori hakitashindwa na kitanda cha bibi mmoja.

Wanaume watatu waliokuwa wanarudisha ng'ombe wa kulimia walisimama. "Pole, Mwalimu," mmoja akasema, "nyumba yako inachechemea." Sijui alijuaje kwamba mimi ni mwalimu. Walinisaidia kupiga jeki, na yule mwenye mikono mikubwa akakigonga kishikilio hapo hapo kwa nyundo yangu mpaka tairi likaacha kugusa. Alipomaliza alikitazama kwa mashaka.

"Imekubali," akasema, "lakini haijapenda."

Aliona mbali. Baada ya mwendo mfupi tairi lilianza tena kusugua. Anna alishauri tuliache tela kwa wenyeji, twende na Mama hivyo hivyo.

"Hivyo hivyo vipi?" Mama akaja juu. "Mnifikishe nimekunjamana mnishushe kama gunia la viazi? Dafrosa anataka msimamizi. Mtu aliyelala chini hamsimamii mtu."

Hapo mjadala ukafungwa. Tulitambaa hadi Hirbadaw, mimi nikisikiliza tairi, Anna akisikiliza pumzi ya mama yake.

HIRBADAW, MCHANA

Fundi wa pikipiki wa pale alikitazama kishikilio akainua mikono. "Hii sigusi. Nenda kwa Gidamis."

Gidamis ni mhunzi wa Kibarbaig, mtu wa makamo, mwenye simu shingoni na maneno mengi. Anafua visu, mikuki na kengele za ng'ombe, na kufuli kuukuu anaziyeyusha anatengeneza bangili. Wateja wa bangili wanamtumia ujumbe, lakini nyumbani kwake mtandao hakuna. Ukitaka mtandao unapanda kichuguu nyuma ya zizi. Kwa hiyo kila baada ya muda anaacha kazi, anakwenda kusimama juu ya kichuguu.

Aliniagiza nikifungue kishikilio. Akakigonga, akasikiliza, akakipitisha tupa.

"Hii ni springi ya lori. Nani alikata?"

"Mimi."

"Umekata vizuri," akasema, nami nikavimba kichwa. "Lakini hii chuma ina hasira. Ikipata moto inataka kupoa polepole."

Mke wake alivuta mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, mkaa ukawaka, chuma kikawa chekundu. Gidamis alikinyoosha kwa mapigo manne matano. Jambo dogo kabisa. Nikajua tumeshatoka. Kumbe yeye akakifukia kwenye lundo la majivu.

"Acha hapo mpaka ng'ombe wanarudi. Maji hapana. Umesikia, Mwalimu? Maji hapana."

Nikatazama saa. Ilikuwa saa saba mchana, na ng'ombe wale wangerudi saa kumi na mbili. Nikapiga hesabu: kikifungwa sasa hivi, jioni hii tuko Dirma, Mama analala kwa dada yake, kesho hakuna presha. Halafu nikawaza upuuzi ambao hadi leo unanichoma. Niliwaza kwamba mtu huyu anatuchelewesha makusudi ili tulale kwake tununue bangili. Mjini nimewaona mafundi wa mageti wakimwagia maji kazi yao kila siku na mageti yanasimama. Majivu, nikajiambia, ni mambo ya kizamani.

Gidamis akaenda kichuguuni. Nikachukua koleo, nikafukua chuma, bado chekundu, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kikalia, mvuke ukapanda. Mke wa Gidamis akashika mdomo. Mimi nikakitoa kikiwa kimepoa, kimenyooka, nikamwonyesha Anna kama mtu aliyevumbua kitu.

Gidamis aliporudi hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikichukua, akakilaza juu ya jiwe, akakigonga mara moja tu. Kikakatika vipande viwili.

"Hii ingekatika barabarani," akasema kwa sauti ya chini. "Tela inavuta gari, gari inakwenda bondeni. Na mama yupo ndani ya gari." Akaweka nyundo. "Kazi imekwisha."

Akaenda kuketi mbali, akatupa mgongo.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilisimama na koleo mkononi. Ilikuwa Jumamosi mchana, kishikilio vipande viwili, na kule Dirma bibi asiyeona alikuwa anaandaliwa nguo ya sherehe. Nikaenda kumwomba Gidamis msamaha. Hakugeuka. Nikaomba mara ya pili. Akamwita mbwa wake.

Mlango wa tela ukafunguka. Mama alikuwa amesikia yote akiwa kitandani. Alishuka zile ngazi mbili kwa mkongojo, Anna akamshika, akaenda hadi kwa Gidamis. Nikashangaa kumsikia anaongea Kibarbaig. Kumbe utotoni alichunga na watoto wa majirani Wabarbaig, na lugha haikumtoka. Waliongea muda mrefu. Mara Gidamis akanitazama, akacheka mpaka akafuta macho.

"Amekubali," Mama akaniambia. "Atatengeneza kingine. Lakini mke wake amechoka, mivukuto utavuta wewe."

"Ahsante, mama. Umemwambia nini?"

"Nimemwambia usamehewe, umesoma sana."

HIRBADAW, KUSUBIRI NG'OMBE

Nyie mnaodhani kuvuta mivukuto ni kazi ya mikono tu, njooni mjaribu. Mkono huu unapanda, huu unashuka, na ukikosea moto unazimia. Nilikosea nusu saa nzima. Moshi ulinijaa puani, jivu likanijaa kwenye ndevu. Mke wa Gidamis alikuwa ananipiga kofi dogo mgongoni kila nikichanganya, na vicheko juu. Safari hii Gidamis alichukua chuma cha plau ya ng'ombe iliyokwisha kazi, kizito, akakikata, akakikunja, akatoboa matundu mawili ya bolti kwa kupiga tu, bila mashine. Vipande vile vilivyokatika alikuwa ameviweka mbele yake na kupimia navyo.

Wakati huo ndipo alipopita mwanafunzi wangu wa zamani, sasa muuguzi katika zahanati za huko, akiwa kwenye pikipiki.

"Shikamoo, Mwalimu! Umehamia huku?"

Picha mliyoiona kwenye kundi letu, nimepiga magoti nimejaa masizi, ilipigwa na yeye. Sasa mmejua.

Kishikilio kipya kiliingia majivuni jua likianza kulala upande. Nikauliza kama na hiki kina hasira. "Hiki kipole," Gidamis akajibu, "lakini mimi nafanya kazi yangu vilevile." Akanipa jicho, akaenda kichuguuni, na safari hii alibeba ndoo ya maji akaenda nayo.

Nikachukua kile kiti cha miguu mitatu, nikaketi mbele ya majivu, mikono kati ya magoti. Mke wa Gidamis alituletea ugali na maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi. Mama alikunywa vikombe viwili, akasema maziwa ya aina hiyo hajayapata tangu alipokuwa binti. Mimi sikula vizuri. Nilikuwa nasikiliza kengele za ng'ombe. Nilizisikia kwanza kwa mbali upande wa mlima Hanang, nikasimama, nikaketi tena. Hatimaye ng'ombe wakaingia zizini mmoja mmoja, hawana haraka hata kidogo.

Gidamis akafukua. Akanipa kishikilio mkononi, nikakipokea kwa woga, kilikuwa vuguvugu. Akakigonga kikatoa sauti safi. Akanipa nyundo na mimi nikagonga. Tulikifunga kukiwa na mwanga bado, nikalisukuma tela mbele na nyuma, na tairi halikugusa kitu. Nilimkumbatia yule bwana, na masizi yangu yote yakamhamia.

"Hivi vipande viwili niachie," akasema. "Nitafulia kisu. Chuma nzuri sana hii. Tatizo mwenyewe."

HIRBADAW HADI DIRMA

Tuliondoka alfajiri. Barabara ilikuwa mbaya kuliko ya jana na nilivuka kila mfereji kwa mwendo wa mtu anayebeba uji. Waliopunga niliwaitikia kwa kichwa tu, mikono yote miwili kwenye usukani. Tulisimama mara ya kwanza, Mama akalala. Mara ya pili, akalala. Kila tukisimama niliingia chini ya tela kukitazama kishikilio. Kilikuwa pale pale, hakina habari.

Saa tatu na dakika kadhaa Mama alianza kushika paja. Tulikuwa tumebakiza kipande, lakini kipande chenyewe mashimo matupu.

"Usisimame," akasema. "Tutachelewa."

Anna akanitazama. Ndugu zangu, mimi yule wa jana ningekanyaga mafuta. Nilijua kabisa padri hangojei. Lakini niliona pia jinsi alivyouma meno, nikakumbuka kile chuma kikigongwa mara moja na kukatika. Nikaegesha pembeni, nikazima injini.

"Mwalimu, nimesema endesha!"

"Nenda ukalale, mama."

Alilala muda wake wote. Sikugonga mlango wala sikupiga honi. Nilikaa kwenye jiwe nikatazama barabara, na saa nikaivua nikaiweka mfukoni. Alipotoka alikuwa ametengeneza kilemba chake na uso umerudi.

Tulifika Dirma saa nne ikiwa imeshapita. Uwanja wa kigango ulikuwa umejaa watu wamesimama nje, kwaya imejipanga mlangoni haiimbi. Katekista alitukimbilia kabla sijazima gari. "Ni ninyi? Padri ametaka kuanza mara mbili! Bibi amekaa pale, hanyanyuki!"

Bibi Dafrosa alikuwa ameketi kwenye benchi ukutani, gauni jeupe, mkono wa Mzee Yohana begani kwake. Padri amesimama pembeni na mavazi yake ya Misa, uso wa mtu aliyeshindwa hoja.

Mama alishuka. Alikataa mkono wa Anna, akakataa na wangu. Watu walimpisha. Alitembea na mkongojo wake mpaka mbele ya dada yake, akasimama.

Dafrosa akainua uso. "Nani huyo?"

"Mimi."

"Paskalina?" Akanyoosha mikono, akaushika uso wa mdogo wake, akaupapasa wote, paji, mashavu, mpaka kwenye kilemba. Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka. "Umekuja na nyonga hiyo? Hujachoka?"

"Sijachoka. Nimekuja nimelala."

"Haya," Dafrosa akanyanyuka. "Sasa tuingie."

Kwaya ikalipuka, na vigelegele vile sijavisikia popote. Mimi nilikimbilia kwenye tela kuchukua kile kiti cha miguu mitatu, nikapenya nacho katikati ya watu, nikakiweka nyuma ya Mama pale mbele ya altare. Nikamgusa kumwonyesha. Hakugeuka. Mzee Yohana na Dafrosa walirudia maneno yao ya ndoa, naye amesimama. Padri alihubiri, naye amesimama, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine umemshika dada yake. Nililia, na anayetaka kunicheka kwa hilo anicheke.

Misa ilipokwisha nilikichukua kiti, nikakirudisha kwenye tela, nikakifunga tena kwa kamba chini ya kitanda. Misa nzima hakuna aliyekikalia.